Mate ya Mzee Mbaruku

Ugomvi na chakula ulianza na ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa. Mtu amezaliwa Chiola, amekula ming'oko tangu hajaota meno, leo anakaa mkekani na sahani mbele yake, anatafuna wee, chakula kinazunguka mdomoni, hakishuki wala hakirudi. Mzee Mbaruku alikuwa anakisukuma kwa maji, kipande kimoja funda moja, kipande kimoja funda moja, mpaka tumbo linajaa maji kabla ya chakula. Akiinuka hapo anahema kama aliyetoka kulima. Kula kulikuwa kumegeuka kazi, na kazi alikuwa nayo ya kutosha.

Ugali nao vivyo hivyo. Mkate ndio usiseme. Asubuhi akiamka, ulimi umegandamana na kaakaa, inabidi aubandue polepole kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, ndipo aweze kumwitikia mkewe salamu. Midomo imepasuka pembeni. Chumvi inachoma, pilipili haisogelei. Mate, kitu ambacho Mungu humpa hata mtoto mchanga bure mpaka kinamdondoka kidevuni, yeye hana. Sasa mtu anaanzaje kulalamika kwa jambo kama hilo? Ukisema unaumwa kichwa watu wanakupa pole. Ukisema huna mate wanacheka. Basi Mzee Mbaruku akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomponza.

Mwenyewe alikuwa na jibu lake: salfa. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua alikuwa anabeba mashine mgongoni na kupita shambani akipuliza dawa hiyo ya ukungu, unga wa njano unaruka, mwingine unatua kwenye mti na mwingine unamrudia usoni. Kitambaa cha puani alikifunga siku anayokumbuka. Ngozi ilimuwasha msimu mzima, macho yakawa mekundu, koo likakereketa. Kwa hiyo mdomo ulipokauka hakumuuliza mtu. Alijiambia salfa imemuingia ndani, imekwenda kukaa palepale mate yanapotokea. Na alijua kabisa kwamba akilisema hilo nyumbani, mkewe Mwamini atamtoa kwenye mikorosho siku hiyohiyo, na mikorosho ile aliipanda baba yake. Hapana. Afadhali kiu.

Duka la dawa walimpa vidonge vidogo vya njano vya kuondoa muwasho. Vilimfaa sana. Muwasho ulitulia, na usingizi ukawa unakuja mtamu, kwa hiyo hata msimu wa salfa ulipokwisha hakuviacha. Kila jioni baada ya kula, kidonge. Vikiisha ananunua vingine.

Halafu kikaja kichupa. Jamani, kichupa hiki! Mtu mwenye kinywa kikavu anahitaji maji karibu, hilo halina ubishi. Lakini Mzee Mbaruku ni mtu wa haya. Kutembea ameshika chupa kubwa ya maji kama mtoto wa shule aliona si heshima. Akapekua jikoni akakuta kichupa bapa cha kioo, vile vinavyouziwa pombe kali, ambavyo kwa wakulima hata wasioijua pombe havikosekani, maana ndivyo wanavyotilia mafuta ya ufuta na asali. Kiliingia sawasawa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akakiosha, akakijaza maji, akakizungushia kitambaa cheusi kisigongane na funguo. Na kwa kuwa mdomo mkavu hunuka, na yeye alijua kwamba unanuka, akaanza kununua pipi za mnanaa, akawa anazimung'unya kutwa nzima.

Sasa niambie wewe. Mzee anachomoa kichupa bapa ndani ya kitambaa, anageukia ukutani, anapiga funda, anarudisha, anatupia pipi mdomoni. Na huo ni msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo hayo, unatengenezwa kila pembe, hewa yenyewe inanuka. Ungemdhania nini?

Siku iliyomharibia kabisa ni siku ya hitima ya jirani. Walimwomba atoe neno la shukrani kwa waliofika. Akasimama. "Ndugu zangu," akasema, na baada ya hapo ulimi ukanasa. Akajaribu tena, maneno yakatoka yameshikana, hayaeleweki. Watu wakatazamana. Akanyanyua mkono kuomba radhi, akazunguka nyuma ya nyumba, na waliokaa upande ule walimwona vizuri sana: kitambaa cheusi, kichupa, funda la kwanza, funda la pili. Akarudi na pipi shavuni, akazungumza maneno yamenyooka, mpaka wafiwa wakalia.

"Umeona?" mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Hajapata, hawezi. Akipata tu, mtu."

Neno hilo liliondoka pale msibani likapanda pikipiki. Halikuchukua muda likavuka wilaya, likafika Nandagala kule Ruangwa. Na Nandagala ndiko alikokuwa anaolewa Shakila.

Shakila ni mtoto wa mwisho wa Mzee Mbaruku, na ndiye binti pekee. Wavulana wake wote walishaoa, lakini mvulana anaozeshwa na baba wa mchumba wake. Binti wa kumuozesha yeye kwa kinywa chake mwenyewe, akamshika kijana mkono na kutamka mbele ya watu, alikuwa naye huyo mmoja tu. Jambo hili alilitamani tangu Shakila anatambaa. Wapo wazazi wanaomwachia sheikh atamke kwa niaba yao, na ndoa inafungwa vizuri tu, lakini yeye alikuwa amesema siku nyingi kwamba la Shakila hamwachii mtu. Alikuwa akienda shambani kwenye ufuta, mahali pasipo na watu, anayatamka yale maneno peke yake. Mara nyingi yalimkwama katikati.

Ndipo akaja Hemedy. Hemedy alikuwa mshenga wa upande wa Nandagala, mtu mpole, mwenye kanzu safi na maneno yaliyopigwa pasi. Alikaa barazani pamoja na Mzee Mbaruku na mdogo wake, Harithi, akauliza habari za mvua, habari za korosho, habari za ng'ombe wa jirani. Mzee Mbaruku akajua kuna kitu.

"Mzee wangu, huko Nandagala wanakusalimia sana," Hemedy akasema mwishowe. "Mzee Ismaily mwenyewe kasema nisisahau salamu zake." Mzee Ismaily ndiye baba wa Faridi, bwana harusi.

"Nimezipokea."

"Sasa wazee wamekaa, wameona kwamba... wameona baba umechoka. Shughuli zenyewe ni nyingi. Wangependa siku ile Mzee Harithi asimame yeye kuozesha. Wewe ukae, upumzike, upokee wageni wako."

Harithi alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Kumbe alikuwa ameshaambiwa.

Hasira ilimpanda Mzee Mbaruku mpaka masikio yakawaka. Alikuwa na la kusema, tena alikuwa nalo tele. Kwamba hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Kwamba huyo aliyepeleka maneno Nandagala aje ayaseme hapa barazani. Akafungua kinywa, ulimi hautoki. Hasira nayo inakausha, hilo alikuwa ameshaligundua. Ili aseme, lazima anywe maji. Maji yako kwenye kichupa, kichupa kiko kwenye koti, na Hemedy ametulia mbele yake akimtazama usoni. Akikichomoa, amejifunga mwenyewe. Asipokichomoa, hawezi kujitetea. Mkono wake ulifika kwenye kifungo cha koti ukaishia hapo.

Hemedy akainamisha kichwa kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Huruma ile ilimuudhi kuliko tusi.

Baada ya kukusanya alichoweza, Mzee Mbaruku alisema maneno machache, moja moja. "Sheikh... akienda kumuuliza ridhaa. Amuulize na hilo. Nani amuozeshe. Atakalosema Shakila, basi."

Hakuwa na wasiwasi na Shakila. Huyo ndiye mtoto aliyezoea kubebwa naye mabegani kwenda gulioni, huyo ndiye aliyeugua surua yeye akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Dunia nzima ikisema, Shakila hatasema.

Siku chache baadaye alikuwa anapita nyuma ya jiko kwenda kutafuta jembe, akawasikia mama na binti wakichambua kisamvu.

"Mama, mimi nitamtaja baba mdogo," Shakila alikuwa anasema. "Usinitazame hivyo. Nampenda baba. Lakini akisimama mbele ya watu wa Nandagala halafu maneno yamshinde kama kule hitimani, mimi nitaishije kule? Kila nikikosea chumvi watasema mtoto wa mlevi."

Majani ya kisamvu yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

Ilimuuma. Ilimuuma vibaya, tena si kwa sababu mtoto alikuwa na kiburi, bali kwa sababu alikuwa analia wakati anasema. Mzee Mbaruku alirudi bila jembe, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amechoka. Amechoka kunywa kwa kujificha, amechoka kuamka na mdomo wa ubao, amechoka kutafuna chakula kisicho na ladha, na sasa amechoka kuwa yeye. Angekuwa mlevi kweli, aliwaza, angalau angekuwa na siku za kucheka.

Kilichompeleka hospitali kilikuwa jino. Meno yake yalikuwa yameanza kuoza karibu na fizi, moja baada ya jingine, na lile la pembeni likavunjika kwenye tonge la ugali, wala si kwenye mfupa. Maumivu yakampandisha kwenye basi la asubuhi mpaka Nachingwea mjini. Nia yake ilikuwa ling'olewe arudi.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Prisca, mwenye mikono ya haraka. Akamlaza, akamulika taa, akaingiza kioo kidogo chenye mpini. Kioo kikanata shavuni kwa ndani. Akakivuta, kikatoka kwa shida. Akakirudisha upande wa pili, kikanata tena. Akazima taa.

"Mzee, tangu lini huna mate?"

Mzee Mbaruku alitaka kujibu akashindwa, na safari hii haukuwa ukavu. Miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali hilo. Machozi yalimjia, akajifanya ni taa.

"Naomba kwanza ninywe maji, daktari," akasema, akachomoa kichupa chake ndani ya kitambaa. Prisca akakitazama kichupa, akamtazama yeye.

"Hiyo ni nini?"

"Maji."

"Haya, kunywa. Na uwe unakunywa mara kwa mara kuliko hivyo." Basi. Akaamini kwa neno moja. Mzee Mbaruku alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Akamweleza habari za salfa, jinsi ilivyomuingia. Prisca alimsikiliza mpaka mwisho, akampeleka apimwe sukari, majibu yakaja safi, hana kisukari. Kisha akamuuliza dawa anazotumia. Mzee Mbaruku akasema hatumii dawa yoyote. Hata moja? Hata moja. Labda hivi vya muwasho tu, lakini hivi si dawa za kuumwa, ni za kulalia.

"Nionyeshe."

Akavitoa mfukoni. Daktari akavitia kiganjani, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kuona jambo lilelile. "Mzee wangu, salfa inakuchoma ngozi na kifua, na pua uifunike kila siku, si siku unayokumbuka. Lakini mate unayakausha mwenyewe, kila jioni, baada ya kula. Hivi vidonge, mtu wa mafua akivinywa kamasi inakauka, si ndiyo? Kidonge hakichagui. Kinakausha pua, kinakausha na mdomo. Wewe umevinywa miezi mingapi?"

Mzee Mbaruku hakuhesabu. Alikuwa anaona aibu. Kuwasha kumetokana na salfa, kidonge kimetokana na kuwasha, kiu imetokana na kidonge, na yeye kutwa anailaumu mikorosho ya marehemu baba yake.

"Nikiviacha nitapona?"

"Utapata nafuu. Kupona sikuahidi, nitakuwa nakudanganya. Umri nao upo, na hivyo vifuko vinavyotoa mate vimelala muda mrefu. Pengine vitaamka nusu. Utarudi tuone kama kuna sababu nyingine. Lakini hata ukibaki hivi, mtu anaishi na kinywa kikavu akikijulia."

Akamfundisha kukijulia. Maji asisubiri kiu, wala asiyagide kama ng'ombe aliyefika mtoni. Achukue funda dogo, alishike kwanza mdomoni, alizungushe ulimini, ndipo ameze. Pipi za mnanaa azitupe leo, sukari ile ndiyo iliyomla meno, maana mate ndiyo yanayoyaosha meno na yeye hana. Akitaka kumung'unya, atafute bablishi isiyo na sukari. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi. Chakula kiwe na mchuzi, chai isiwe kali, midomo aipake mafuta. Akampa na dawa ya kupaka kwa ajili ya muwasho. Jino likang'olewa. Yeye mwenyewe akaona daktari huyu anapenda kusema, lakini hakukasirika.

Jioni alimweleza Mwamini yote, vidonge, salfa, kichupa. Mwamini akamsikiliza amekaa wima. Alipomaliza, yule mama akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kutikisika, na mumewe hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoifunua, akaona ni vyote viwili.

"Nilijua hunywi pombe," Mwamini akasema. "Nalala na wewe, nisijue? Nilidhani ni sukari. Dada yangu si alianza hivyohivyo, kiu, kiu, mpaka tukamzika? Nikaogopa kukuuliza. Nilishakuzika, Baba Shakila. Kila ukinywa maji nakuzika."

"Na mimi niliogopa utanitoa kwenye mikorosho."

"Ningekutoa," akasema Mwamini, akapangusa macho. "Mwambie na mwanao."

"Simwambii. Mtu anayeitwa mlevi akisema yeye si mlevi, amesema nini?"

Mwamini akamwambia yeye. Shakila alimsikiliza mama yake kwa heshima zote, akashusha pumzi. "Mama, kwani kuna mlevi ambaye haumwi? Wote wana ugonjwa wao, na daktari wao yuko mjini."

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Bila vidonge vya njano, muwasho ulirudi, usingizi ukaondoka. Alijipaka dawa, alijigeuza kitandani, akawa anakwenda shambani amelewa usingizi, na watu wakamwona anavyoyumba na kutikisa vichwa. Mate hayakurudi kama mvua. Siku moja alipita mahali wanawake wanachoma korosho, harufu ile ikampiga, akasikia kitu chini ya ulimi. Unyevu. Kidogo tu, kama umande. Mzee Mbaruku alisimama pale njiani kama mjinga, anameza mate yake mwenyewe, anafurahi. Lakini akikasirika au akiogopa, ukavu ulirudi uleule, na siku ya harusi ilikuwa inakuja.

Ikafika, mwezi wa Shaabani. Wageni wa Nandagala walishuka kwenye basi la kukodi, wakakaa kwenye mikeka uani, Mzee Ismaily mbele na Faridi kando yake akitokwa jasho ndani ya joho. Mzee Mbaruku alikuwa ndani anavaa koti juu ya kanzu. Mwamini alikuwa amemnunulia chupa kubwa nyeupe ya maji, haikuingia mfukoni. Akachukua kile kichupa bapa, akakijaza, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cheusi. Mwamini akakiwahi kitambaa.

"Hiki leo hukitumii," akasema. "Kama ni maji, yaonekane."

"Hata gongo ni nyeupe, Mama Shakila."

"Basi iwe nyeupe. Nenda."

Sheikh akaingia chumbani kwa bibi harusi kumuuliza ridhaa, kama desturi. Aliandamana na mashahidi, Hemedy akiwa mmoja wao, na nyuma yao wakaingia Mzee Mbaruku na Harithi, ndugu wawili bega kwa bega hawatazamani. Shakila alikuwa ameketi kitandani amefunikwa mtandio, mikono yenye hina imelala magotini, shangazi zake wamemzunguka. Tangu alfajiri alikuwa hajala wala hajanywa. Walimwambia bibi harusi hatokitoki ovyo kwenda msalani, naye kwa hofu yake alitii.

"Shakila binti Mbaruku," sheikh akasema, "umeridhia kuolewa na Faridi bin Ismaily?"

Kichwa kikatikisika chini ya mtandio.

"Leo kichwa hakitoshi, mwanangu. Baba yako ameagiza uulizwe na jambo la pili, kwa hiyo nataka nikusikie, na mashahidi wasikie. Umeridhia? Na umetaka nani akuozeshe?"

Mzee Mbaruku alitazama sakafu. Alikuwa ameshajiandaa. Akimtaja Harithi, atasema alhamdulillahi kama wenzake, atakwenda kukaa kwenye kiti cha wageni, na atatabasamu. Kutabasamu alikuwa amekufanyia mazoezi.

Shakila akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya kukwaruza, akasimamisha shingo, akajishika koo. Shangazi mmoja akaguna. "Sema, mama, usiogope." Akajaribu mara nyingine, na maneno yakatoka yameshikana, hayaeleweki.

"Kinywa," akanong'ona mwishowe. "Kimenikauka. Ulimi... umenasa."

"Maji! Mleteeni maji!" Mmoja akatoka mbio, lakini mapipa yalikuwa kule kwa wapishi, na ua umejaa watu.

Mkono wa Mzee Mbaruku ulikuwa umeshaingia ndani ya koti. Hakufikiri. Aliujua mdomo ule, alijua hasa mahali ulimi ulipogota na jinsi mtu anavyoogopa pale. Akachomoa kichupa. Hemedy akakohoa, akageuzia uso dirishani.

Mzee akapiga magoti mbele ya kitanda, kwa tabu, maana magoti nayo yana umri wake.

"Ni maji, mwanangu," akasema. "Chukua funda dogo. Usimeze haraka. Lishike kwanza mdomoni, lizungushe ulimini. Halafu ndiyo umeze."

Shakila akafunua mtandio. Akakitazama kile kichupa alichokichukia msimu mzima, akamtazama baba yake, midomo iliyopasuka pembeni. Watu wote mle ndani walingoja akinuse. Hakukinusa. Akakiweka mdomoni, akanywa, akashika, akazungusha, kama alivyofundishwa. Akameza.

Akakitazama tena kile kichupa.

"Ni maji," akasema. Sauti ilikuwa imerudi. "Baba, ni maji."

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Kule hitimani..."

"Maji."

Shakila akanywa tena, na tena, machozi yanamchirizika, anakunywa na analia, mikono yenye hina imekishika kichupa kwa nguvu mpaka kikaisha. Kisha akamshika baba yake mkono. "Ndivyo unavyosikia hivi? Ulimi unanasa hivi?"

"Ndivyo hivyo."

"Kila siku?"

"Nimezoea, mwanangu," akasema, na huo ulikuwa uwongo wake pekee mwaka mzima ule.

Sheikh akasafisha koo. Shakila akajipangusa uso, akakaa vizuri, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya dirisha waliisikia. "Nimeridhia kuolewa na Faridi. Na ananiozesha baba yangu, Mzee Mbaruku. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Akikwama, mtamngoja."

Harithi ndiye aliyetangulia kusema alhamdulillahi, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hemedy akasogea. Hakusema neno, na Hemedy kukosa neno si jambo dogo. Alikipokea kichupa kitupu kutoka mkononi mwa bibi harusi, akatoka nacho uani mbele ya watu wote wa Nandagala, akakijaza pipani, akarudi, akamkabidhi Mzee Mbaruku kwa mikono miwili.

Mzee Mbaruku akaketi mkekani mbele ya Faridi, akaushika mkono wa kijana, akaanza kutamka. Ulimi ulinasa katikati, kama alivyojua utanasa. Kwa mkono wa kushoto akachomoa kichupa, safari hii hakuugeukia ukuta, akanywa funda dogo, akalishika mdomoni, akalizungusha, akameza. Mzee Ismaily alikuwa anamtazama, na hakuna aliyemharakisha. Mkono wa Faridi ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Akaendelea pale alipoishia.